Nukta Yenye Mkia

Baba alikuwa na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, kile kifupi chenye mfuniko mweusi mrefu, na hakuna gari lililotoka gereji yetu bila rangi hiyo. Akikaza nati, anaipaka nukta moja kichwani. Akikaza kibano, nukta. Nati yenye nukta imekazwa, isiyo na nukta bado. Utaratibu huo hakuubuni yeye, ulikuwa wa mama. Walipokuwa ndiyo kwanza wanaanza kazi, gurudumu la gari la mteja lilichomoka barabarani, likatangulia mbele peke yake kama lina haraka kuliko mwenye gari. Mama hakumgombeza. Alitoa kichupa kwenye mkoba wake, akamwekea kiganjani, akamwambia, "Aliyekaza ndiye apake. Usipake kabla hujakaza, na usimpakie mwenzako."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo niliyoyavunja mimi.

Mama alifariki mwaka niliomaliza darasa la saba. Sikuendelea na shule. Nilivaa ovaroli ya baba, nikaikunja mikono mara tatu, nikaingia kazini. Siku hizi siikunji tena. Kichupa ni kile kile cha mama. Rangi ikikaribia kuisha nanunua nyingine inayofanana, naimimina humo, na baba hajawahi kuuliza mbona haiishi.

Gari la Rubani lililetwa Jumatatu asubuhi likivutwa kwa kamba. Rubani mwenyewe si rubani. Aliuza dawa za kikohozi na plasta dukani kwake mpaka alipostaafu, na ndege anaziona zikipita juu kama sisi wengine. Jina alipewa na baba kwa sababu ya uendeshaji wake. Gari lenyewe ni la zamani, limenizidi umri, la viti viwili tu, limelala chini hivi kwamba ukitaka kutoka inabidi ujiviringishe kama mwenye mgongo mbovu anayeshuka kitandani. Taa zake za mbele zimejificha ndani ya boneti. Ukiziwasha zinainuka kama macho ya mtu aliyeamshwa. Baba alilitunza kwa miaka ishirini na sita. Mimi plagi yangu ya kwanza niliifungua kwenye injini hiyo.

Sasa boneti yake ya manjano ilikuwa imetoka malengelenge na kubabuka katikati. Jicho moja limeinuka, jingine limeyeyukia humo humo ndani.

"Dada, limekukonyeza hilo," alisema Puti. Puti ndiye fundi wetu wa bodi, jina lake linatokana na unga wa ile puti ya kuzibia mabonde anayoipigia msasa kutwa, umemjaa mpaka kwenye kope. Akamgeukia mwenye gari. "Na wewe Rubani, leo umetua bila magurudumu."

"Nimetua na mkono mmoja," Rubani akajibu, akauinua mkono wa kulia. Ulikuwa umefungwa bendeji mpaka vidoleni.

Nikamwamkia. "Shikamoo, Baba mdogo. Pole."

"Marahaba, binti. Nimeshapoa. Lililoungua ni hilo."

Alitusimulia. Jumamosi asubuhi alikuwa barabarani, akasikia harufu ya petroli, kabla hajasimama vizuri moshi ukatoka pembeni mwa boneti. Akafungua boneti amwage mchanga, moto ukamrukia mkononi.

"Boneti haifunguliwi moto ukiwa ndani," baba akasema. "Ukifungua unaupa hewa. Nimekwambia mara ngapi?"

"Umeniambia. Lakini ulitaka nikae kando nilitazame linavyokwisha?"

 Baba alilizunguka gari polepole, akaweka kiganja juu ya paa, akasema, "Pole sana." Sikujua anamwambia nani kati ya wale wawili.

Baba ana utaratibu mwingine, huu ni wake mwenyewe. Gari lililoungua halirudishiwi hata nati moja mpaka lijulikane limechomwa na nini. Anasema ukilitengeneza bila kujua, unalitengenezea moto wa pili. Kwa hiyo siku ile ile alinituma chini. Nililala juu ya katoni, nikafungua sahani ya chuma iliyo chini ya injini, mchanga ukanimwagikia kifuani. Ndani ya mchanga mlikuwa na kibano, kile cha kushikilia mpira wa petroli unaotoka kwenye pampu, kikiwa bado kimevaa kipande cha mpira kama pete. Moto hupanda juu, kibano kilikuwa kimeponyoka kikaanguka chini kabla haujakifikia. Skrubu yake ilikuwa imelegea kabisa, unaizungusha kwa ukucha.

Nikaifuta kwa kidole gumba. Nukta nyekundu ikatokea, nzima, na mkia wake.

Nukta za baba ni duara. Anagusa, anainua. Mimi natumia mkono wa kushoto, na nikiinua brashi inajivuta kidogo, nukta yangu inabaki na kamkia upande mmoja. Kamkia kenyewe hakazidi unene wa uzi. Puti hajawahi kukaona, baba macho yake hayafiki huko. Nakajua mimi peke yangu.

Nikaifuta tena, mkia haukutoka.

"Kuna nini huko?" baba akauliza. Nilikuwa naviona viatu vyake tu.

"Mchanga, Baba."

Nikakitia kibano mfukoni.

Mambo yalianza mwaka jana, madogo madogo. Baba anatafuta spana na spana anayo mkononi. Anauliza kama chai imeletwa, na kikombe kitupu kiko mbele yake. Siku nyingine ananiita kwa jina la mama, na nikichelewa kuitika ananiuliza nimeanza lini kiburi. Halafu siku moja nikakuta nati tatu hazina nukta kwenye gari aliloniambia amelimaliza. Nikachukua spana nikazijaribu. Zimekaza, tena vizuri. Mkono wake haukuwa umesahau kukaza, alichosahau ni kupaka tu.

Nikampakia.

Sikufanya hivyo kwa ajili ya mteja. Nilijua jioni atapita kukagua kama kawaida yake, aone nati tatu tupu, ajue kwamba anasahau. Nilitaka asiogope. Tangu hapo kila akimaliza gari nilikuwa napita nyuma yake na kichupa, najaribu kwa spana kwanza, ndipo napaka. Wiki kwa wiki, na kila niliyoijaribu ilikuwa imekaza. Mwishoni nikaacha kujaribu. Nilikuwa nimeshauamini mkono wa baba kuliko spana.

Ijumaa ile Rubani alikuja kusafishiwa kabureta. Kazi ikaisha alasiri, baba akaenda kunawa. Rubani tayari alikuwa ndani ya gari, anakwenda kumpokea mwanawe kituoni, anabonyeza honi kwa kunitania, pi, pi, "Binti, ndege inataka kuruka." Nikiwa naishusha boneti nikaona kibano cha pampu hakina nukta. Bisibisi ilikuwa mezani. Kichupa kilikuwa mfukoni mwangu.

Toka gari lilipokuwa mpaka mezani ni hatua kumi. Nimezipima baadaye, mara nyingi.

Tukaanza kulivua lile gari. Waya zilikuwa zimeyeyuka na kushikana kama nywele ambazo hazijaona kitana mwezi mzima. Nikazitenganisha moja moja, nikazilaza juu ya katoni, nikaandika kila moja inatoka wapi na inakwenda wapi, ndipo nikakata mpya za urefu ule ule. Kabureta ilikuwa imelainika ikakunjamana upande mmoja, tukaitoa nyingine kwenye gari bovu la aina hiyo lililokuwa linaota majani nyuma ya karakana ya jirani. Baba alilaza rula ya chuma juu ya silinda hedi kupima kama moto umeipinda, akainama kuchungulia kama kuna mwanga unaopenya chini yake. Haukupenya. "Moyo wake mzima," akasema, akakipigapiga kile chuma kama mtu anayembembeleza mtoto. Kwenye kazi ya namna hiyo ungesema hana tatizo lolote. Vidole vyake vilikuwa vinajua njia vyenyewe.

Lakini kila asubuhi aliniuliza, "Mkono wa Rubani unaendeleaje?" Nikamjibu unaendelea vizuri. Saa sita akaniuliza tena. Saa tisa tena.

Na alikuwa anatafuta. Alikata waya moja iliyoungua, akaniita nione. "Tazama. Imeungua kutoka nje kuja ndani. Moto haukuanza kwenye umeme. Ni petroli." Akapitisha kidole njia yote ya mpira, kutoka kwenye kabureta kurudi kwenye pampu, mpaka mahali palipokuwa patupu. "Kibano cha hapa kiko wapi?"

"Sijakiona, Baba."

Nilikuwa sijawahi kumdanganya kwa jambo la kazi. Aliniamini hapo hapo, na hilo ndilo lililoniuma.

Siku iliyofuata Rubani alipita, kama alivyokuwa anapita kila siku, akavuta kigoda akakaa kumtazama Puti akiinyoosha boneti.

"Ipige taratibu," akamwambia, "hiyo si bati la jikoni."

"Mzee, hii boneti imekula moto, nyundo itaionea nini?"

Baba akatoka kwenye injini akiwa anafuta mikono. Uso wake ulikuwa umekaza. "Rubani. Uligusa kitu humu ndani?"

"Lini?"

"Baada ya kutoka hapa. Ulifungua boneti ukagusa mpira wa petroli. Niambie tu."

Rubani alicheka kwanza, akidhani ni utani wao. "Mimi? Mimi hata maji ya rejeta nakuletea wewe."

"Kibano cha pampu hakipo. Changu mimi hakilegei. Basi kimelegezwa."

"Kwa hiyo nimejichoma mwenyewe?"

"Nasema umegusa halafu unaficha."

Puti akaacha kupiga nyundo. Rubani alisimama polepole, ule mkono wa bendeji ukitafuta pa kushika. "Miaka ishirini na sita," akasema, "umeniita mbahili, umeniita kipofu, umeniita Rubani mpaka mke wangu naye ananiita hivyo. Mwongo hujawahi kuniita."

"Leo nimekuita."

"Haya. Likiweza kuviringika nitatuma mtu alivute." Akaniangalia. "Binti, kwaheri."

Nilikuwa nimesimama na bisibisi mkononi, kibano kiko mfukoni kinanigusa paja. Nilichotakiwa kusema kilikuwa sentensi moja. Nilimtazama mpaka akakata kona.

Kesho yake asubuhi baba alikuja mapema, akasafisha kigoda cha Rubani kwa kitambaa, akakiweka kivulini. Saa nne akaniuliza, "Rubani mbona hajafika leo? Mkono unamsumbua?"

Nilidhani anatania. Nikamwangalia machoni, hatanii.

"Baba, jana mligombana."

"Mimi na nani?"

Nikamweleza. Neno kwa neno, kwa sababu alitaka neno kwa neno. Uso wake ulishuka taratibu, akashika kingo za meza. "Nilimwita mwongo? Mbele za watu?" 

Siku ya pili akafuta kigoda, akakiweka kivulini. "Rubani mbona haji?" Nikamweleza tena. Uso ukashuka tena vile vile, upya kabisa, kama ndiyo mara ya kwanza anasikia.

Siku ya tatu nilipoona ameshika kitambaa na anaelekea kwenye kile kigoda, nilishindwa. Nikatoa kibano mfukoni nikakiweka mezani.

"Nimekipata, Baba. Kilikuwa kwenye mchanga."

Sikusema kingine. Nilidhani kibano kitasema chenyewe, nami nitakuwa nimesema. Hapo nilikosea mara ya pili.

Baba alikigeuza. Akaizungusha skrubu kwa ukucha, ikazunguka. Akakisogeza kwenye mwanga, akaona wekundu. 

"Nimepaka," akasema. "Nimepaka na sijakaza."

Akakaa juu ya tairi. Akavua kofia, akaiweka gotini. "Kusahau nilishajua. Unafikiri sijui? Najua. Nilikuwa najiambia, sahau vyote, lakini mkono wangu haujawahi kusema uongo. Mwache mzee asahau alikoweka miwani, mkono upo." Akautazama mkono wenyewe, kiganja, halafu mgongo wa kiganja, kama unavyotazama kitu cha kuazima. "Mama yako aliniambia. Usipake kabla hujakaza."

Kesho yake hakuvaa ovaroli. Alikuja na shati lake la kutokea, limepigwa pasi, akakaa mlangoni mwa gereji kwenye benchi la wateja.

"Bosi, vipi leo?" Puti akamuuliza. "Unakwenda posa?"

"Nasubiri gari langu," baba akasema. "Mafundi wa hapa wazito."

Puti akacheka. Halafu akamwangalia vizuri, akaacha kucheka, akaenda kuchukua msasa.

Siku mbili alikaa pale. Nilikuwa nafunga injini peke yangu, na nikimuuliza jambo ananijibu kwa mdomo tu bila kusogea. "Hiyo anza na ya katikati, halafu zunguka." Anajua kila kitu. Lakini nikimpa spana anaikunjia mikono, mikono yote miwili anaibana kwapani, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Siku ya pili jioni, Puti ameshaondoka, nikaenda nikachuchumaa mbele yake.

"Baba, nukta ile ni yangu."

Hakuelewa. Nikakitoa kibano. Nikamwambia aende akachukue miwani, akaenda. Nikamwonyesha mkia. Nikachovya brashi, nikapaka nukta kwenye benchi kwa mkono wangu, nikamwonyesha tena. Nikamwambia yote, za kwanza tatu, kupita nyuma yake, kuacha kutumia spana, Ijumaa, honi, hatua kumi.

"Kwa hiyo mimi sikukipaka," akasema.

"Hukukipaka. Ungekipaka ungekuwa umekikaza. Mkono wako haukusema uongo, Baba. Aliyesema uongo ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kugombezwa, na nilitamani nigombezwe. Nilidhani pia, Mungu anisamehe, kwamba atafurahi kidogo. Badala yake aliinuka na miwani yake, akaingia ndani. Kulikuwa na teksi tuliyoimaliza wiki ile, inamsubiri mwenyewe. Akafungua boneti, akainama.

"Hii?"

"Yangu."

"Hii?"

"Yako."

"Hii. Na hii?"

"Zangu, Baba."

Akaenda kwenye gari la pili, pikapu ya mwenye duka la vifaa. Humo sikuhitaji kumjibu, alikuwa ameshaujua mkia. Alikuwa anaweka kidole juu ya kila moja. Kwenye pikapu ile alikuta za kwake chache sana. Akafunga boneti kwa mikono miwili, taratibu, ikalia ti.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Kabla ya mvua."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia nini?"

"Kwamba nimeanza kuondoka." Alikuwa hanitazami. "Mtu akiondoka anaagwa, mwanangu. Wewe umenisindikiza mwaka mzima na mimi sijui."

 Nilitaka kumrudishia mkono wake, kumbe nimemnyang'anya mwaka mzima.

Alinyoosha kiganja. Nikadhani anataka kichupa, nikampa. Alikishika, akakinusa, akafunga mfuniko vizuri, akanirudishia. "Kuanzia sasa unakaza wewe. Unapaka wewe. Mimi nitakuwa naangalia."

Tukalimaliza gari hivyo. Aliketi kwenye kigoda cha Rubani karibu na injini, mimi nakaza. Mpira wa petroli tuliweka mpya wote, vibano vipya, na kile cha pampu nilikikaza naye anashika kidole changu ili ahisi. Puti alileta boneti imepakwa manjano mpya, tofauti kidogo na manjano ya mlangoni, akaapa jua likiipiga mwezi mmoja zitafanana. Taa iliyoyeyuka tuliibadilisha. Siku tuliyoliwasha lilikohoa mara mbili, likatoa moshi mweupe, likashika. Baba alifumba macho akasikiliza. Akainua kidole, "Kaplagi ka tatu kanachechemea," na kweli, waya ya plagi ya tatu haikuwa imekaa sawa.

Nilimpigia Rubani simu. Nilimwambia gari limepona na baba anamwomba afike. Akasema atakuja kesho.

Alikuja, mkono hauna bendeji tena, ngozi ya kiganja ni mpya, ya waridi, inang'aa. Nilikuwa nimelala na maneno yangu yote yakiwa tayari. Nilijiambia nitayasema kabla hajakaa. Lakini baba alinitangulia. Alikwenda kumpokea mlangoni, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaugeuza juu.

"Nisamehe," akasema. "Hukugusa kitu. Ni mimi. Nilipaka kabla ya kukaza."

Nilifungua mdomo. Baba hakunigeukia hata kidogo. Nilitafuta kwenye uso wake kitu, kope kuchezacheza, chochote cha kunionyesha kwamba anakumbuka tulichoongea penye benchi na kwamba ananikinga. Hakikuwepo. Ulikuwa uso wa mtu anayesema anachokiamini.

"Wewe?" Rubani akasema. "Wewe upake kabla ya kukaza?"

"Mimi. Nazeeka, ndugu yangu."

 Rubani akamwekea ule mkono mpya begani. "Ningependa ingekuwa mimi ndiye mwongo," akasema. Wote wawili wakacheka kidogo, kicheko kikaishia njiani. "Panda. Nikuzungushe. Unaogopa?"

"Naogopa uendeshaji wako. Moto siuogopi."

Waliondoka, taa zote mbili zimeinuka mchana kweupe kwa sababu baba alitaka kuziona. Puti aliwapungia msasa. Mimi nilibaki nimesimama na kichupa, na lile neno bado liko mdomoni.

Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa Rubani nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anakunja na kukunjua kile kiganja, kama alivyoagizwa hospitali.

"Nani alikuwa anapiga honi?" akaniuliza.

"Wewe, Baba mdogo. Lakini..."

"Basi. Na baba yako usimsahihishe. Ameshaomba msamaha mara moja, usimfanye aombe tena."

Anakuja siku hizi kila Jumatano, anakaa benchi moja na baba. Gari lake analileta nilikague mimi. Lakini nimeona anaegesha mbali kidogo na ukuta, akizima anakaa ndani kwanza, ananusa.

Nilimuuliza baba siku moja, tukiwa wawili, mbona alimwambia Rubani kwamba ni yeye.

"Nilimwambia nini Rubani?" akasema. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayetaka kusaidia na hajui atasaidia nini. "Mkono wake unaendeleaje?"

"Umepona, Baba."

Kwa hiyo sijui. Labda alinikinga siku ile, halafu akasahau kwamba alinikinga. Labda alikuwa ameshasahau tangu asubuhi, akabaki na lile la kwanza tu, la kwamba mkono wake ulisema uongo. Kama ni hivyo, analo mpaka leo, na kumwondolea siwezi. Nikimwambia ukweli ataupokea upya kama habari mpya, atataka miwani, ataanza kufungua maboneti. Sitamfanyia hivyo mara ya pili.

Jioni, kabla hatujafunga, anaketi kwenye kigoda karibu na gari ninalolimaliza.

"Umekaza hiyo?"

"Nimekaza."

"Haya, paka."

Napaka. Anatazama nje kidogo, kwenye barabara, kisha anarudi.

"Umekaza hiyo?"

Simjibu kwa kukumbuka. Nakwenda mezani, nachukua spana, narudi, naivisha kwenye nati ile ile, naivuta mpaka igome mbele ya macho yake.

"Imekaza, Baba."

"Haya, paka."

Napaka juu ya ile ya kwanza. Siku nyingine inafika mara nne, tano, kwa nati moja. Nati za gereji yetu sasa zina nukta nene, ukizigusa zina kinundu, na zote zina mkia.